Gome kwenye wali wa wifi

Jamani, leo nimekuta gome la mti ndani ya wali!

Siyo jani lililodondokea chunguni. Ni gome, limejikunja vizuri, limelala juu ya wali wa kahawia nyumbani kwa wifi, yule mke mpya wa kaka aliyetoka Tanga.

Kwetu gome ni dawa, mnajua. Na tangu kaka aoe, Jumapili baada ya misa hapiti tena kwa mama.

Sasa mnanielewa?

Nikamuuliza, "Wifi, hili ni nini?"

"Mdalasini, wifi. Na hizo ni karafuu na iliki. Ndiyo pilau."

Nikamwambia, "Basi onja kwanza." Si ndiyo desturi, mwenye chakula atangulie ili mgeni aone? Akala matonge matatu, akalamba na vidole.

Kisha akakitazama kibuyu nilichokuja nacho. "Na humo mna nini?"

"Togwa. Ya kaka."

"Haya, onja kwanza, nami nione."

Togwa ile nilikuwa nimeitia mzizi wa kutapisha, kaka aitoe dawa aliyolishwa! Ningekataa, ningesema nini? Nikanywa.

Nimetapika kuanzia mlangoni kwake mpaka karibu na mto Lumemo. Naye yuko nyuma yangu na kikombe, ananishika kichwa: "Pole wifi, kunywa, ni chai ya tangawizi."

Nikanywa. Tumbo likatulia.

Lakini niambieni ukweli: mbona tangu ile chai natamani kurudi kwake kesho?

Alitia nini?