Bendera Mbili Nyekundu za Kandara

Juzi hapa Shumaisi, mjini Riyadh, kengele ya mlango ililia, nikafungua, nikamkuta Mercy, binti wa Kikenya anayefanya kazi kwa madam wa ghorofa ya juu. Mkononi ana kichupa cha buluu. Alikwishakifungua ngazini, mkorofi yule, maana harufu ilinifika kabla ya salamu.

"Shosho, hii madam ametoka nayo Tunisia. Amesema nikuletee. Lakini ni pafyumu ama ni ya kupika?"

"Ni ya kutia kwenye kahawa."

"Kwa kahawa? Aki nyinyi watu wa Zanzibar mnaweza kunywa hata marashi!"

Akacheka, akapanda mbio, madam wake hapendi achelewe. Nami nikabaki mlangoni na kichupa changu kama mtu aliyesahau alikuwa akienda wapi. Yalikuwa maji ya maua ya mchungwa. Nilikuwa sijayanusa tangu utotoni, na harufu, wenzangu, haina adabu: haibishi hodi. Papo hapo sikuwa tena Riyadh na magoti yangu haya mabovu. Nilikuwa Jeddah, Kandara, kitoto cha miguu mitupu, nimekaa sakafuni chini ya cherehani ya mama.

Niseme mapema kwamba mie shule sikusoma ya maana. Niliishia pale pa kuandika jina langu na kusoma msahafu kwa kusitasita. Kwa hiyo mkiona nakwenda huku narudi kule, nivumilieni. Ndivyo ninavyojua kuhadithia.

Wazee wangu walitoka Zanzibar, wakafika Jeddah mie ningali wa kubebwa. Baba alikuwa na kazi yake bandarini. Mama alishona. Msimu wa hija ukikaribia, chumba chetu kilijaa vitambaa mpaka tukala mlangoni. Alishona mikoba ya kuning'iniza shingoni, mikanda ya ihramu, na kilichompendeza zaidi, bendera ndogo za kwenye fimbo. Siku hizi kila haji ana simu. Wakati ule mtu akipoteza kundi lake amepotea kwelikweli, na wengi walikuwa wazee wa mashambani, herufi hawazijui. Basi kiongozi wa kundi alinyanyua bendera ya nchi yao juu ya fimbo, akawaambia, "Msimtazame mtu. Tazameni hii." Wakamfuata kama vifaranga.

Mwaka ninaousema, kiongozi wa kundi la Tunisia aliagiza bendera kwa mama. Na aliyempeleka kwetu ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, Khalti Zohra, yaani mama mdogo kwa Kiarabu, Mtunisi, aliyeolewa na dereva wa huko Jeddah. Mwanamke mrefu, sauti kama ya muadhini, kahawa yake ina harufu ile ya maua, na nyumba yake ina mafuta ya zeituni kila mahali, hata kwenye nywele zetu watoto. Tukiumwa sikio, zeituni. Tukikohoa, zeituni. Mama alisema siku moja huyu atatukaanga.

Nilimpenda kwa namna alivyopenda kwao. Hakuringa, bali alihadithia mpaka ukaona njaa ya kwenda. Alisema Tunisia watu huiita ya kijani, kwa mashamba yake. Alisema kuna mji wa kale baharini ambao hata Warumi waliuogopa, na msikiti wa Kairuani wenye nguzo nyingi, kila moja imetoka jengo jingine la zamani, hakuna inayofanana kabisa na mwenzake, na bado zimebeba paa moja. Jioni vijana wanaume hutembea na kishada cha asumini nyuma ya sikio. Baba aliposikia hilo aliguna. Mama akasema yeye haoni ubaya wa hilo, Baba ajaribu siku moja.

Pasi yake ya kusafiria aliiweka ndani ya foronya, na nikiwa na tabia njema alinionyesha alama ya nchi iliyochorwa juu yake: merikebu, mizani, na simba ameshika upanga. Aliniambia merikebu ni uhuru, mizani ni haki, simba ni nidhamu. Mie merikebu na mizani sikuvijali. Kwa muda mrefu niliamini Tunisia simba hutembea mabarabarani na mapanga, wakiwasimamia watu wakae foleni.

Siku ya kushona, Khalti Zohra alisimama nyuma ya mama asimwache apumue.

"Mduara mweupe kwanza. Katikati kabisa. Halafu hilali nyekundu ndani yake, na nyota ikumbatiwe na hilali, pembe tano."

"Zohra, nimeshona bendera kabla hujafika mji huu."

"Umeshona za wengine. Hii ni yangu. Ukiacha mduara tumekuwa Waturuki!"

Na kweli, ya Waturuki nayo ni nyekundu, ina hilali na nyota, ila zao ni nyeupe na hazina mduara. Mama alikuwa nayo pia siku ile, ameikunja juu ya kabati, oda ya kundi la Kituruki. Lakini nimeshaanza kukimbia mbele ya hadithi.

Sababu ya Khalti Zohra kutotulia ni hii. Mwaka ule mama yake alikuwa anakuja hija. Hakuwa amemwona tangu aolewe na kuletwa Jeddah. Mama huyo, Hajja Mbarka, alikuwa mkulima wa milimani, mzee, macho yana mtoto wa jicho, haoni nyuso, anaona rangi na vitu vinavyopepea. Alikuwa aje na wazee wa kijiji chao, wapumzike Kandara mchana mmoja, kisha mabasi yawachukue Makka. Baada ya hija wangepelekwa Madina na kurudi kwao kwa njia nyingine. Mchana ule ndio ulikuwa wake Zohra, basi. Alipika kuskusi tangu alfajiri. Alinihesabia habari atakazouliza: nani kafa, nani kazaa, mti wa mlozi wa uani upo, ukuta wa jikoni ulijengwa upya au bado unavuja.

Kundi likafika. Tukatoka mbio, Khalti Zohra, mama na mie. Kiongozi amesimama mbele ya nyumba ya wageni, bendera ya mama iko juu, wazee wamekaa juu ya mizigo yao. Khalti akapita uso kwa uso. Hajja Mbarka hayupo.

"Alikuwa nyuma yangu," kiongozi akasema, kijasho kinamtoka. "Wallahi alikuwa nyuma yangu. Nimewaambia wafuate bendera."

"Na mama yangu amefuata nini, upepo?"

Yule maskini akageuka tena kutazama nyuma. Hakuweza kuwaacha wazee wengine, nao mabasi yalikwishaanza kujipanga. Mwishowe akampa mama ile fimbo. "Chukueni. Akiiona atakuja mwenyewe."

Tukaingia Kandara. Nani asiyeijua Kandara msimu wa hija? Mahujaji wa kila rangi, wauza mikate, wabebaji wanapiga kelele "Tariki! Tariki!" wapishwe njia, mabasi yanatoa moshi, kila mtu amevaa nyeupe. Khalti Zohra alikuwa anatafuta mwanamke aliyeshika ncha ya shuka kwa meno, maana ndivyo wazee wa kwao wanavyovaa lile shuka lao jeupe, safsari, mikono ibaki huru kwa kazi. "Tazama midomo!" ananiambia. Basi mie nikapita Kandara nzima nikichungulia midomo ya bibi za watu. Mmoja alinitolea ulimi.

Mama mbele na bendera, mimi katikati, Khalti nyuma anaita "Ummi! Ya ummi!" mpaka sauti ikaanza kupasuka. Hapo ndipo nilipoogopa. Sikuwahi kuona mtu mzima akimwita mama yake kwa sauti ya mtoto.

Kwenye kona ya muuza mikate, tukaiona bendera nyingine nyekundu inatujia. Ya Kituruki, ile iliyokuwa juu ya kabati letu. Chini yake bwana mnene mwenye masharubu, amechoka, amelowa jasho, na nyuma yake kizee kidogo cha safsari kimeshika upindo wa ile bendera kwa ngumi mbili, kama mtoto aliyeshika kanga ya mamaye. Yule bwana akienda, naye anakwenda. Akisimama, anasimama. Kumbe naye alikuwa akizunguka mitaa, bendera juu, akimtafutia mwenyewe. Na midomoni shuka halipo: bibi anatafuna zeituni alizopewa na Waturuki.

Khalti Zohra alipiga ukelele mmoja tu. Sitajaribu kuuiga.

Walipokwisha kukumbatiana, Hajja Mbarka akajipangusa uso, akasema kwa hasira kidogo, "Mnalia nini? Sikupotea. Niliambiwa nifuate bendera, nikafuata bendera."

"Lakini Ummi, hii ya Waturuki! Yetu ina mduara mweupe, huujui mduara?"

Hajja Mbarka akainua uso kuelekea bendera yetu. Bwana wa masharubu hakuelewa neno, ila aliinamisha bendera yake kidogo kwa adabu, akamgeuzia mama yangu kichwa, kwa kumtambua fundi wake, akacheka, akaenda zake kuwahi basi. Namwombea dua mpaka leo.

Tukamleta chumbani kwetu, kulikuwa karibu zaidi na mabasi. Khalti akaleta kuskusi, akakaa miguuni pa mama yake, akaanza: mti wa mlozi je? Ukuta je? Hajja Mbarka akamkatiza.

"Ile bendera yenu iko wapi? Nipeni."

Niliona uso wa Khalti ukianguka. "Ummi, sijakuona tangu niolewe. Muda wenyewe ndio huu. Unataka kitambaa?"

"Nipe, mwanangu."

Mama akaivua kwenye fimbo, akaitandaza sakafuni mbele yake. Na hapo bibi yule, mikono juu ya mapaja, akamweleza bintiye jambo ambalo hakuwahi kumweleza. Zamani za Wafaransa, mdogo wake, mjomba wa Zohra, alitoka na wenzake barabarani na bendera. Wengine walipigwa risasi. Yeye aliponyoka usiku ule, akaifikisha nyumbani imekunjwa ndogo kama mkate, akamwambia dadaye, "Ifiche." Asubuhi askari wakaja kumchukua, na hakurudi. Hajja Mbarka aliitia ile bendera chini ya mtungi wa unga wa kuskusi.

"Ule mtungi wa pembeni ya jiko?" Khalti Zohra akauliza polepole. "Ndio niliokuwa nachotea."

"Ulikuwa unachota juu yake kila siku. Niliogopa hata kuikunjua. Nikiosha mtungi naihamisha gizani, naupapasa wekundu wake, na ncha moja ya hilali iliyobaki nje ya mkunjo. Siku ya uhuru wakaja rafiki zake kuichukua. Niliwapa vilevile ilivyokunjwa, na machozi, sikutazama; mduara sikuujua. Baadaye ikapandishwa juu ya mlingoti wa ofisi, lakini macho yangu nayo yakawa yameshaanza ukungu."

Kisha akainama, akaweka kiganja juu ya kitambaa. Akaanza ukingoni, akakuta mshono wa mduara, akaufuata wote mpaka ukarudi ulikoanzia. Akaingia ndani, akafuata mgongo wa hilali, pembe za nyota, moja moja. Mama alikuwa amesimama kando na mkasi, hatikisiki.

"Kumbe ni kubwa hivi," Hajja Mbarka akasema.

Mie nikacheka. Nikwambieni ukweli, nilicheka, maana kitambaa chenyewe hakikuzidi taulo la uso. Mama akanikazia jicho, nikajificha chini ya cherehani.

Nimekaa na cheko lile miaka mingi bila kujua limekosea wapi. Niliwahi kufikiri kizee yule hakuijua bendera ya nchi yake, na niliona aibu kwa niaba ya Khalti, aliyekuwa akiihadithia vile. Mpaka mie mwenyewe nikazika, nikahama, nikafungia vitu vya watu wangu ndani ya masanduku nisiyothubutu kuyafungua, ndipo nikaelewa. Sisi wengine bendera tumeipokea imeshatandazwa, tukaambiwa hii rangi maana yake hivi, na hii hivi. Yeye aliibeba kabla haijatandazwa. Aliijua kwa uzito.

Mabasi yakapiga honi. Khalti Zohra alikuwa ameuweka mkono wake juu ya mkono wa mama yake, wanauzunguka mduara pamoja, taratibu, kana kwamba basi ni la watu wengine. Habari za mlozi na ukuta hakuuliza tena. Na nilipowasindikiza mpaka barabarani nikamwona Khalti anainua ncha ya shuka la mama yake, anamtia kwa mkono wake katikati ya meno, ili mikono ya bibi yote miwili iwe huru kushika fimbo ile na bendera yake, maana kiongozi alikuwa amekubali Hajja Mbarka aibebe yeye.