Fyuzi Mdomoni

Harufu ya lehemu ikinifikia, hata nikipita tu mlangoni kwa fundi simu, ulimi wangu hujikunja wenyewe kama unaoficha kitu. Mnisamehe: mwanamke wa umri wangu, mwenye digrii, kuogopa moshi mdogo namna ile.

Ulikuwa wakati wa msako wa wahujumu uchumi, nasi tulikaa Gongoni, Tabora. Redio ilitaja waliokamatwa, na shuleni mwalimu alitwambia mtoto mzalendo hafichi uovu, hata wa nyumbani kwao. Chini ya kitanda cha Mama kulikuwa na katoni ya sabuni. Sabuni ilikuwa haionekani madukani, na katoni nzima ilitosha kumpeleka mtu ndani. Baba alikuwa Igalula kwenye biashara zake.

Ami Nasoro, mdogo wake Baba, alikuwa amerudi masomoni Ulaya na kompyuta, sanduku zito lenye kioo chake. "Hii haisahau kitu," alinitambia. "Si kama wewe na tebo ya saba." Nami, siri ikinikaba, siku moja nilibonyeza herufi moja moja: MAMA ANA SABUNI CHINI YA KITANDA. Nilidhani nitapumua. Mara umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, sanduku likatoa harufu ya kuungua, likafa na maneno yangu tumboni.

Nilivyofurahi! Lakini Ami hakuwa mtu wa kukata tamaa. Alilifungua pale sebuleni, akakuta kapasita imevimba, akang'oa nyingine kwenye redio mbovu na kuilehemu kwa chuma alichokipasha kwenye jiko la mkaa. Mchana wa siku ya tatu akasema, "Imebaki fyuzi tu, tuiwashe," akatoka kurudisha jiko uani.

Fyuzi ilikuwa juu ya kitambaa: kijibomba cha kioo chenye uzi mwembamba ndani. Bila hicho umeme haupiti. Nikakitia mdomoni.

"Hodi!"

Ilikuwa sauti ya Mzee Kapela, balozi wetu wa nyumba kumi, aliyeweza kukagua nyumba yoyote. Mama akatokeza kutoka chumbani, rangi imemtoka. Balozi akaingia na makatambuga yake ya tairi miguuni, akatazama matumbo ya mashine yaliyotapakaa, kisha akanitazama mimi, akingoja. Nikaitikia kwa kichwa tu.

"We Salma!" Mama alinikaripia. "Mzee humwoni? Adabu umeiacha wapi?"

"Shi..." nikaanza, fyuzi ikachomoka, ikagonga sakafu na kubingirika hadi kwenye makatambuga.

"Marahaba," alisema balozi. Akaiokota, akaifuta kwa shati, akampa Ami aliyekuwa anaingia. "Mtoto anakula vyuma huyu. Mlisheni."

Ami alinitupia jicho la nitakuonyesha, akaipachika, akawasha. Nikafumba macho. Nilishamwona Mama akipandishwa gari la polisi, kanga imemdondoka. Nilipofumbua, kiooni kulikuwa na mraba mdogo wa kijani ukipepesa. Basi.

"Inasema nini?" aliuliza balozi.

"Haisemi kitu, mzee. Inangoja."

Balozi akakohoa. Akamgeukia Mama, akashusha sauti. "Mama Salma, mke wangu kajifungua juzi. Sabuni hamna, hata kipande?"

"Wallahi hatuna," alijibu Mama, haraka mno.

Nami, mdomo sasa mtupu, nikanyamaza.

Miaka mingi baadaye, chuoni, mhadhiri alieleza kwamba mashine za namna ile zilisahau kila kitu papo hapo umeme ukikatika. Nilicheka peke yangu hadi darasa zima likageuka. Maneno yangu yalikuwa yamekwisha kufutika kabla Ami hajashika bisibisi. Fyuzi niliilamba bure.

Kisha kicheko kikanikauka. Nilimwona tena Mzee Kapela pale sebuleni. Mtu aliyekuja kukagua angeutupia macho mlango wa chumbani. Yeye, tangu alipoitaja sabuni mpaka alipotoka, alitazama miguu yake tu.