Mkalimani wa Simu

Kidonda kilinitoka mahali ambapo huwezi kumwonyesha mama. Nilipaka marhamu, nikameza vidonge vya dukani, kikagoma. Basi niliposikia kuna utafiti wa afya ya ngono kwa wanawake kama mimi, tuliozaliwa tukaitwa wavulana, na kwamba mhojiwa anapimwa papo hapo na kutibiwa, nikapanda treni kutoka Weston, pembeni mwa Toronto, kwenda mjini, gauni likiwa ndani ya begi, nikalivalia kwenye choo cha stesheni. Nyumbani nilikuwa bado kijana wa mama, mwanakwaya.

Mtafiti alikuwa dada mpole. Kwa kuwa Kiingereza changu ni cha kuombea maji, aliniitia mkalimani kwa simu, akaiweka mezani baina yetu.

"Jambo. Uko unanisikia muzuri?"

Ilikuwa sauti ya kiongozi wa maombi kanisani kwetu, Mkongo mwenzetu, anayetuombea kila asubuhi kwa WhatsApp huku mama akiitikia amina jikoni. Toronto nzima hii, akakosekana mwingine! Nilikasirika hata nikataka kucheka. Nilitakiwa niinuke niondoke. Lakini kidonda kilikuwa kinauma, nami nilitaka sana kupona.

"Ulishalala na mwanaume?" akatafsiri, kila neno akilishika kwa ncha za vidole.

"Hapana," nikasema, nimeikaza sauti iwe nzito.

"Uko na kidonda ao maumivu fasi ya siri?"

"Hapana."

Kila swali, hapana. Mtafiti alinitazama kwa huruma, akafunga kompyuta. Walihitaji watu waliokwisha kufanya ngono, alisema, kwa hiyo mimi sikuhusika na vipimo havikuwepo. Mkalimani akayafikisha yote hayo vizuri kabisa. Kisha, kabla simu haijakatika, akaongeza la kwake.

"Unisalimie mama."

Nilivua gauni kwenye choo kile kile cha stesheni. Jumapili nilisingizia homa, sikwenda ibada.

Mama alirudi kutoka kanisani. Hakuvua hata kitenge chake kizuri, akaingia jikoni kupika chai ya maziwa. Akamimina yake kwenye kikombe cha udongo, na ya wadogo zangu vilevile. Yangu aliileta mwisho, kwenye kikombe cha karatasi.

"Kunywa, baba," akasema, macho yake yakiwa dirishani. "Ukimaliza, utupe."