Watoto Watano kwenye Fomu

Kila mwezi wa sita nilizichukia bahasha za kahawia zenye fomu za kodi ya mapato. Watu walinifuata nazo baada ya ibada mpaka jikoni kwangu, mtaa wa Saint-Gilles huku ughaibuni, kwa kuwa zamani kwetu Bukavu niliwahi kushika hesabu za duka. Siku nzima nimegeuza wazee vitandani kwenye makao ninakowauguza, mgongo unauma, halafu nieleze tena yale yale: anachokata mwajiri kila mwezi ni malipo ya awali tu, hesabu yenyewe hufanywa mwakani, ndipo urudishiwe au uongeze. Kuna sehemu ya mshahara isiyotozwa kodi, nayo hukua kadiri ya watu unaowatunza nyumbani mwako.

Mwaka mmoja alikuja papa mmoja, ndivyo tunavyowaita akina baba, mtu wa Lubumbashi, mfanya usafi, anayekaa mtaa wa Berchem-Sainte-Agathe.

“Papa, uko na batoto ngapi?”

“Cinq.”

Nikaandika watano. Nilikuwa nimewaona wawili tu kanisani, lakini kwetu humuulizi mtu mzima kama watoto wake ni wa kuwazaa. Ni matusi.

Miezi ikapita, ikaja barua ya ukaguzi kutoka ofisi ya kodi. Ukaguzi si kesi, nilimwambia. Wanataka karatasi za kuthibitisha tulichoandika, yaani kwamba watoto watano wanaishi chini ya paa lake. Ndipo aliponieleza, bila wasiwasi wowote, kwamba watatu wako Lubumbashi. Ni wa marehemu mdogo wake. Ada za shule hulipa yeye, na wao humwita papa.

Nilijikasirikia kwanza, kisha nikamkasirikia yeye. Punguzo alilopewa kwa ajili ya hao watatu angelirudisha, hilo halikuepukika. Lakini wakidhani tumedanganya makusudi, kungekuwa na faini juu yake, naye hata kodi ya nyumba ilikuwa ikimtoa jasho. Ilibidi tueleze kwamba tulikosea, kwa kuwa kwetu mtoto wa ndugu huhesabiwa wako.

“Andika kama habaishi huku, bon,” alisema. “Lakini kusema hapana batoto yangu, ile usiandike, maman. Mudogo yangu alikufa. Alors, papa yabo ni nani?”

“Papa, bataona tulibadanganya.”

“Baone. Mi sisaini ile.”

Alikunywa chai yake taratibu. Mimi nilikuwa na zamu alfajiri, na mezani zilinisubiri bahasha nyingine nne. Nikaandika barua kwa Kifaransa chao kikavu: kwamba watatu hao hawaishi naye, kwamba ni watoto wa ndugu yake, si wake, na kwamba kosa lilitokana na desturi.

Miwani aliisahau nyumbani, akaniomba nimsomee. Nikasoma kuhusu kutoishi naye, nikasoma kuhusu kosa na desturi. Sentensi ya katikati niliiruka.

Akatia sahihi, akanishukuru kwa kutowakana watoto wake. Faini haikuja. Tangu siku hiyo kila akinisalimu kanisani naona haya, na sijapata nguvu ya kumwambia.