Kwa Kigari cha Khanga Moja Hadi Olbalbal

Nilikwenda Olbalbal kwa sababu nilikatazwa na watu wawili kwa siku moja, na hakuna hata mmoja wao aliyenijibu swali nililomuuliza: watoto watafanyaje?

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, nikiwa muuguzi katika zahanati moja ya Karatu. Jumatatu asubuhi alifika Nasieku, mkunga wa jadi wa Olbalbal, mwanamke wa makamo niliyewahi kumfundisha kuchemsha nyembe na kufunga vitovu. Alikuwa ametembea siku mbili. Nilimwonyesha benchi, hakukaa. Alisimama mlangoni, vumbi limempanda hadi magotini, akasema, "Sista, surua imeingia kwetu. Tumezika watatu. Wengine bado wazima. Njoo na sindano."

Chanjo zilikuwepo, kwenye friji letu la mafuta ya taa, na ufunguo wa friji ulikuwa kwangu. Kisichokuwepo ni gari. Gari la serikali lilikuwa juu ya mawe, mwezi wa tatu huo, likingoja springi. Mganga wangu, mkuu wa zahanati, akasema tusubiri.

"Mimi nina gari," nikamwambia.

Akacheka hadi akavua miwani. "Lile? Sista Martina, lile halifiki hata kwenye geti la hifadhi. Sikuruhusu."

Nikamuuliza, "Na watoto watafanyaje?" Akarudi kwenye makaratasi yake.

Inafaa nilieleze hilo gari. Marehemu mume wangu, mwalimu, alilinunua miaka ya sitini kwa mzungu wa Mbulumbulu aliyekuwa anauza mashamba yake arudi kwao. Lilikuwa na milango miwili, taa mbili za duara na magurudumu ambayo mtu angedhani ni ya toroli. Wakati huo hakuna aliyelicheka. Gari dogo lilikuwa hivyo, basi. Watu wanne walikaa humo magoti yakigusana, wakaenda kanisani Qurus, wakarudi.

Saa tisa alasiri siku hiyohiyo nilipata katazo la pili. Shemeji yangu Boay, mdogo wa marehemu, alikuwa dereva wa wageni Arusha. Alikuja kumsalimia mama yake akiendesha gari jipya la ofisi yao. Nilipoliona lile jina la nyuma nilidhani macho yananidanganya. Lilikuwa la chapa ileile na jina lilelile kama langu, ila limetengenezwa miaka ishirini baadaye. Akaliegesha kando ya langu, makusudi nadhani.

"Ona, shemeji," akasema. "Hili ndilo gari dogo la siku hizi."

Nikavua khanga ya begani nikailaza juu ya boneti ya kwangu. Ilifunika upana wote, ikabaki vidole viwili kila upande. Nikaihamishia kwenye lake. Haikutosha. Ilipungua kiganja kizima, na kwa urefu langu lilifika kwenye mlango wake wa nyuma tu, nao ulikuwa mlango ambao langu halikuwa nao.

"Kwa nini wanaliita dogo bado?" nikauliza.

"Jina linabaki. Kila wakitoa jipya wanaongeza kidogo. Wateja wanataka viti vinene, buti ya kuweka masanduku, milango minene ili gari likigonga wasiumie. Lile la katibu kata wetu, la miaka ya sabini, ni la katikati. Liweke hapa utaona yamepangana kama ngazi." Akapiga teke dogo gurudumu langu. "Na tairi hizi hawatengenezi tena kwa wingi. Wenzake wote wamekua, shemeji. Hili limebaki peke yake. Liuze chuma chakavu."

Nilimweleza habari ya Nasieku, nikamuuliza naye watoto watafanyaje. Nilimwomba tuende na lake.

Akatikisa kichwa. "Si langu, la ofisi. Tena tumbo lake liko chini, na petroli yenyewe sasa ni ya kibali. Na wewe pia usiende. Kaka akifufuka ataniuliza kwa nini nilikuachia."

"Akifufuka atauliza kwa nini mmekaa."

Maneno hayo yalinitoka kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Aliingia ndani kwa mama yake bila kuniaga.

Jumanne, saa kumi na mbili alfajiri, tuliondoka. Boksi la baridi nililifunga nyuma kwa kamba ya katani, pembeni nikaweka sufuria ya kuchemshia sindano na dumu la petroli ya akiba niliyokuwa nimejinyima wiki nyingi. Nasieku alikaa mbele. Alikuwa hajawahi kupanda gari lolote, hivyo hakujua kwamba langu ni dogo. Alishika dashibodi kwa mikono miwili akasema, "Twende."

Getini Lodoare, mlango wa hifadhi ya kreta, tulifika jua likianza kuchomoza. Askari alizunguka gari mara mbili, akainama akachungulia chini yake.

"Mama, kwa gari hili siwezi kukuruhusu. Kreta ni kwa magari ya nguvu."

"Mimi sishuki kreta. Napita juu, barabara ya serikali, naenda Olbalbal. Nionyeshe palipoandikwa kwamba barabara ya serikali ina kipimo cha gari."

Akamtazama Nasieku. Nasieku akamsemesha kwa Kimaasai, maneno machache, bila kupaza sauti. Sikuyaelewa, ila niliona askari akiondoa mkono kwenye mlango. Akafungua kizuizi. "Ukikwama, usiseme nilikuruhusu," akasema.

"Nitasema nilipita," nikamjibu.

Kilomita chache juu ya geti, ndani ya msitu, mvua za mwisho za masika zilikuwa zimefanya udongo mwekundu kuwa kama sabuni. Kwenye kona moja tulikuta lori la mahindi limeteleza usiku na kusimama kimshazari. Pua lake lilikuwa upande wa bonde, mkia umekaribia ukuta wa mlima. Nyuma yake yalipangana magari matatu, mawili ya watalii na pikapu moja. Wazungu walikuwa nje wakiwapiga picha nyani. Dereva wa lori alikuwa amekaa juu ya jiwe anakula muwa.

"Tumetuma mtu akaite trekta," akaniambia. "Labda mchana. Labda kesho."

Nilifungua boksi nikagusa barafu. Ilikuwa ngumu, lakini boksi lile lilitengenezwa kubeba chanjo kutwa moja, si mbili. Nikaenda kwenye nafasi kati ya mkia wa lori na mlima. Nikavua khanga, nikampa Nasieku pembe moja, mimi nikashika nyingine, tukaivuta. Ilienea yote, na nafasi ya kiganja ikabaki.

"Hapo hapapiti gari, mama," dereva wa lori akasema.

"Hapapiti la kwenu."

Akaacha muwa wake. Madereva wa watalii wakasogea, mmoja akitabasamu kama mtu aliyekuja kutazama mchezo. Nilimwambia badala ya kucheka asimame mbele aniongoze. Kumbe alikuwa dereva mzuri. Alinyosha mikono, akawa ananiita kwa vidole, kushoto, kushoto, nyooka, usiguse breki. Niliweka gia ya kwanza. Upande mmoja nilisikia mizizi ikikwaruza mlango; upande wa pili chuma cha lori kilipita karibu na sikio langu, na kioo cha pembeni kikavunjika kwa sauti ndogo. Kisha mbele yangu pakawa na barabara tupu.

Yule dereva aliyeniongoza alinipigia saluti. Mimi sikuthubutu kutazama nyuma hadi kwenye kona iliyofuata. Nasieku alikuwa anacheka.

Saa tatu tulikuwa juu ukingoni. Ukungu ulijaa kreta yote, haukuonekana mti wala nyati. Sikusimama. Tulipovuka bonde la Malanja ukungu ukaisha ghafla, tukaona chini uwanda wote, wa rangi ya majani makavu, ukienda hadi macho yanapoishia. Nasieku akaonyesha kwa kidevu. Kwao ni pale.

Kuteremka nilitumia gia ya pili tu, maana breki sikuziamini. Baada ya kuacha barabara kuu, njia ilikuwa ya ng'ombe. Nayo ng'ombe hawaitengenezi kwa ajili ya tairi. Saa tano na nusu tuliingia kwenye korongo la mchanga, kigari kikazama hadi tumboni. Nilichimba kwa sufuria ya sindano. Nilichimba na kuchimba. Nikakaa chini nikahisi kulia, nikakasirika kwa kuhisi hivyo, nikaendelea kuchimba.

Wakatokea wanawake sita na punda wao, wakitoka mbali kutafuta maji. Nasieku aliwaeleza. Walitua vibuyu vyao kivulini, wakaja wakakizunguka kigari wakikipima kwa macho, kama watu wanaotaka kuhamisha kitanda. Mmoja akahesabu kwa Kimaasai. Tukakinyanyua, sisi wanane, mbele kwanza kisha nyuma, tukakiweka juu ya ardhi ngumu. Nakumbuka nilimfikiria shemeji Boay wakati huo. Nilitamani angekuwepo aone.

Saa saba tulifika bomani. Aliyetoka kutupokea ni Lemayan, kaka mkubwa wa marehemu mume wa Nasieku, ndiye mwenye boma. Tulisalimiana, kisha akasimama akikitazama kigari.

"Mwaka jana tuliambiwa gari kubwa linakuja na dawa," akasema kwa Kiswahili cha taratibu. "Tukakusanya watoto hapa, siku mbili, jua hili. Halikuja. Sasa sikusanyi mtu."

"Hilo kubwa silijui," nikamwambia. "Mimi nimekuja. Barafu yangu imebaki kama yai la kuku. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie jioni. Sasa niitie watoto."

Nasieku hakungoja jibu wala ruhusa. Alipanda juu ya rundo la samadi kavu akaanza kuita, kwa sauti ambayo sikujua anayo. Lemayan alimtazama, akanitazama mimi, kisha naye akainua fimbo akawapigia kelele vijana wa upande wa pili wakimbie maboma ya jirani.

Walikuja hadi jua likashuka. Nilichemsha, nikachoma, nikachemsha tena. Mama mmoja aliniletea binti yake wa miaka kama mitatu, amefungwa ndani ya shuka jekundu, macho ameyafumba, midomo imepasuka. Surua ilikuwa imeshamshika muda mrefu. Nilimpa maji kwa kijiko, nikamsafisha macho. Alifariki saa kumi na moja, akiwa mapajani mwa mama yake, na mimi nikiwa hatua tatu tu kutoka pale nikimchoma mtoto mwingine. Sikuacha kuchoma. Mama yule hakunilaumu. Hilo ndilo nililoshindwa kulibeba, kwamba hakunilaumu.

Jumatano asubuhi, baada ya kikombe cha maziwa nyumbani kwa Nasieku, niligeuza. Lemayan aliniaga akiwa ameshika mlango wa kigari. "Waambie," akasema, "kwamba hapa tupo." Nikamwahidi.

Kurudi kulikuwa rahisi hadi msituni. Lori lilikuwa limevutwa, lakini trekta liliacha mifereji mirefu ambayo magari mengine yaliipita kwa kuwa marefu ya miguu. Kigari changu kilikaa juu ya tuta la katikati, nikakanyaga mafuta kwa hasira, na ekzosi, bomba la moshi, ikang'oka yote. Niliitupa kiti cha nyuma ikiwa bado ya moto. Toka hapo nilinguruma kama trekta. Askari wa getini alinisikia kabla hajaniona, akafungua kizuizi mapema, akasimama kando kabisa.

Saa tisa niliingia Karatu na kelele zile. Watu walitoka madukani. Shemeji Boay alikuwa bado yuko, ameketi nje kwa mama yake. Alikwenda kuchukua waya na koleo, akajilaza chini ya kigari na shati lake jeupe, akafunga ekzosi. Alipotoka, mgongo wote mwekundu, akauliza, "Wangapi umewawahi?"

"Wengi. Mmoja sikumuwahi."

Akaitikia kwa kichwa. Hakuzungumzia tena habari ya chuma chakavu.

Wiki iliyofuata nilipewa barua kutoka juu, ikinitaka nitoe maelezo kwa maandishi. Kwa nini nilichukua chanjo, mali ya serikali, bila ruhusa, na kwa nini sikusubiri gari linalofaa? Nilikaa nayo jioni moja. Sikuomba radhi. Nimesafiri kidogo tu maishani, lakini safari ile ilinifundisha kutoogopa neno "linalofaa". Niliandika kwamba watu wa Olbalbal wanasema wapo. Kwamba magari yanazidi kuwa makubwa kila mwaka na njia ya kwao bado ni ileile. Na kwamba gari linalofaa ni lile lililofika. Nikatia sahihi.

Sikujibiwa. Mwezi mmoja baadaye mganga wangu alikuja mezani kwangu, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Surua imefika Nainokanoka," akasema. "Gari bado liko juu ya mawe. Wakubwa wameuliza kama wewe na lile lako..."

Nikanyosha mkono.

"Kibali cha petroli kiko wapi?"