Shangazi Katika Darasa la Sita

Siku yangu ya kwanza katika zahanati ya Kimuli, Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, alinipa kazi ambayo wenzangu waliikwepa: kufundisha afya ya uzazi shuleni. "Chanjo wanazikubali, nesi," aliniambia. "Hili la balehe litakutoa jasho."

Nilifundisha wasichana wa darasa la sita kipindi kimoja tu, kuhusu hedhi. Kesho yake wazazi wakajaa ofisini kwa Mwalimu Mkuu, Walutheri kwa Wakatoliki, wote kauli moja: mambo hayo binti huambiwa na shangazi yake, dada wa baba. Mwalimu Mkuu akaniita. "Mimi naishi na watu hawa, nesi. Tusimame kwanza."

Tukasimama. Haukupita muda, Odeta, mtoto wa vibarua waliotoka Burundi, ambaye siku ya kipindi kile hakuwepo darasani, akaja zahanati amejifunga sweta kiunoni. Alikuwa amejificha migombani tangu asubuhi, akidhani anaumwa ugonjwa wa kufa.

"Shangazi hakukuambia?" nikamuuliza.

"Shangazi zangu wako Burundi. Siwajui."

Nilimweleza, nikampa pedi, nikamsindikiza kwao. Mama yake naye nilimweleza. Kwenye kikao cha wazazi kilichofuata mama huyo alisimama mwenyewe, bila mimi kumwomba. "Ninyi mna shangazi. Sisi tuliwaacha tulikotoka. Wa kwangu nani amwambie?"

Ndipo Ma Verediana, shangazi wa nusu ya kijiji, akasema taratibu, "Aje kwangu. Na nesi arudi darasani. Nitakaa humo nimsikie anavyosema."

Alikuja kweli, na wenzake wawili, wakabanana kwenye dawati. Nilifundisha kwa Kiswahili. Maneno yale kwa Kinyambo cha wenyeji au Kirundi yangewaumbua watoto, lakini Kiswahili hakikuwa lugha ya nyumbani kwa yeyote, kikapita bila aibu. Wavulana wakachungulia dirishani wakicheka. Ma Verediana akawafungulia mlango. "Ingieni. Na ninyi mtaoa."

Nilipohamishiwa Bugomora, kabla ya kwenda shuleni niliuliza kwanza shangazi wanaoheshimika ni akina nani. Ninyi manesi wa leo, msione huko ni kupoteza muda.

Sasa nimestaafu, niko Kiruruma nalima kahawa yangu. Juzi binti wa kaka yangu alikaa nami jikoni tukimenya ndizi, akaniuliza kwa lugha ya nyumbani swali nililolijibu mbele ya madarasa mengi. Nikaona haya, mimi mtu mzima. Nikacheka, nikaweka kisu chini, nikamjibu lote.