Chumba Kilichojaa Ghafla Muyeye

Kwenye simu, mama mwenye nyumba alinipenda. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa upole, akaniambia chumba kiko wazi, kina choo chake ndani na maji ya mfereji, na kodi yake naiweza. Nilikuwa nimeajiriwa karibuni kufundisha chekechea Malindi, na nilikuwa nimezunguka Muyeye nzima nikionyeshwa nyumba nisizoziweza, au vyumba ambavyo hata kuku ningemwonea huruma kumfungia.

Nikaenda kukitazama pamoja na mamangu, aliyekuwa ameshuka kutoka Jilore asubuhi ile. Mama huvaa hando, ile sketi ya marinda ya wanawake wa Kigiriama, na siku hiyo alivaa jipya kwa heshima ya mji.

Mwenye nyumba alifungua geti, akamtazama mama kuanzia kichwani hadi miguuni. Hakutukaribisha.

"Kimeshachukuliwa."

"Lakini mama, si umeniambia asubuhi hii kiko wazi?"

"Ndiyo hivyo. Kimejaa."

Mama akamshukuru. Akamshukuru! Tukaondoka.

Jioni nilimsimulia mwalimu mwenzangu, mtu wa bara. Akapiga simu palepale, akaweka sauti juu nisikie.

"Kipo, njoo hata kesho," mwenye nyumba akamwambia. Kisha, bila kuulizwa: "Leo walikuja watu wa mashambani nikawakataa. Hao ukimpa mmoja, unahamiwa na ukoo mzima."

Kesho yake nilirudi peke yangu, nikamkuta getini akikaanga mihogo ya kuuza. Sikumwamkia.

"Yule uliyemfukuza jana ni mamangu," nilimwambia. "Alikuja kunisindikiza tu. Na hiyo mihogo unayokaanga hapa, wanaoilima ni yeye na wenzake."

Uso ulimbadilika. "Mwanangu, hukunielewa. Ingia basi ukione."

"Sikitaki."

Uongo. Nilikitaka sana. Sasa nimepanga mbali na kazi, kwenye chumba cha bati kinachochemka kuanzia asubuhi, na maji tunanunua kwa mitungi. Kila nikiinua mtungi hasira hunirudia upya, kama vile mambo yale yametokea jana.

Mama anaamini mpaka leo kwamba tulichelewa tu, mtu katutangulia. Juzi aliniambia nimwombee heri yule mama, maana alizungumza nasi vizuri. Nikamwambia nitamwombea. Ubaya ameufanya mwingine, na kuuficha kumekuwa kazi yangu.